Vitalis Asifike Polisi

“Msimamizi mzima umeshushwa kuwa dereva!” Jirani yetu Vitalis alinibwatukia hivyo mlangoni asubuhi hii, ninyi mkiwa misa. Nikamjibu usimamizi ulikuwa siku tatu kwa wiki, udereva ni kila siku. Kumbe kazi hiyo aliiomba yeye! Akanitwanga mchi begani, nami nikampasua mdomo kwa spana. Mama Gaudiosa, fagia damu uani kabla kuku hawajadonoa meno yake mawili.

~~Asikanyage tena hapa.~~ Akinishitaki kabla sijarudi kutoka Mbamba Bay, kampuni itanifukuza siku ya kwanza. Mtu akishakula kwako hakushitaki. Ponda maharage yalainike.

Baba yenu, dereva.

Gaudiosa, wahi kwake umwambie: “Shikamoo baba mdogo. Mama anasema karibu ndani, tule.”