Baba Bijou, Usiguse Tena Bale Bapanya

Baba Bijou,

Sombe, majani ya muhogo, iko mu sufuria. Bukari, ugali yako, utajipikia mwenyewe, maana uko na mikono ya kazi. Lakini bale bapanya ba jangwa ba mutoto, usibaguse.

Asubuhi nilikuambia yule panya mupya akae kwanza peke yake. Weye ukacheka: "Bote ni banamuke, batakuwa chama kimoja!" Ukamutia mu nyumba ya mwenzake. Citoyen, mwananchi wa chama, uliona umoja! Balijiviringisha kama mupira, mukia ikatoka damu, Bijou akaenda ku masomo na kulia.

Sasa nimetia wavu ya chuma katikati. Banusane tu. Kila siku tutabadilisha pande, mupaka balale karibu-karibu bila kukasirika. Kisha tutabaweka pamoja mu sanduku mupya, yenye haina harufu ya hata mumoja wabo. Bakipigana, batenge na kitambaa nene, hapana na hotuba.

~~Usirudi mapema.~~ Rudi mapema, umuombe mutoto pardon.

Na dada yako Julienne, mwenye ulisema anahamia kwetu Jumapili bila kuniuliza: aje kwanza kunywa chai, kisha arudi kwake. Tuzoeane pole pole. Mimi pia niko na meno.

Mama Bijou