Miti Yenye Mizinga

Usoke, Ijumaa usiku

Afadhali baba mdogo angenigombeza.

Nilimkuta jioni kwenye bani letu la kukaushia tumbaku, ameketi juu ya kuni, mizinga yake ya nyuki imelala chini kama magogo tu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kama moto unakwenda vizuri.

"Baba, mbona umeishusha?"

"Nyuki wamehama. Maua hakuna."

Mimi ndiye msimamizi wa kuni hapa kijijini. Tangu tuhamie nimeishika desturi: mti wenye mzinga una mwenyewe, haukatwi. Bwana shamba wa kampuni inayonunua tumbaku yetu alipotuhimiza tuongeze mabani, niliapa hakuna shoka litakalougusa mti wa mzinga, na kweli halikuugusa. Tulikata miti yote ya miyombo iliyoizunguka ile yenye mizinga. Nikajiona mtu mwadilifu. Sasa miti ya baba mdogo imesimama peke yake vumbini, na mimi sikuwaza hata siku moja kwamba nyuki hawali mzinga.

Kampuni inataka majani ya manjano safi, nasi tunayatoa. Kuni zimetoka wapi, hakuna anayeuliza. Hata mimi sikuuliza. Na mwakani sijui tutakwenda kukata...

Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akainuka, akaniwekea mkono begani.

"Ile miti kakateni, mwanangu," akasema. "Haina mwenyewe tena."