Dada Veronika, Hakuna Aliyekusukuma

Dada yangu Veronika,

Ni mimi Gaspari, mdogo wako, yule anayejua kila kitu. Najua unacheka. Cheka tu, lakini leo sikuandikii kujisifu. Labda kidogo.

Tangu tukuzike, nyumba yako ya Bwiza imenyamaza. Mwanao Yohana anajipikia. Mke wake Feza alirudi kwao Kamenge, na aliyemfukuza ni mimi. Siku ile uani mlikuwa wawili tu, wewe na yeye. Uliinuka kwenye kigoda, ukaanguka, paja likavunjika. Nani anavunjika kwa kuinuka kwenye kigoda? Mimi niliwahi kuanguka kutoka juu ya lori la pamba, nikasimama nikawasha sigara! Basi nikamshuku Feza. Akiinamisha macho, nasema anaficha kitu. Akinitazama, nasema ana ujeuri. Hata uliponiambia kitandani, "Gaspari, hakuna mutu alinisukuma, nilisimama tu nikasikia ka!", nilidhani unamwogopa. Ulipokufa nikawaita ndugu wote, nikawanywesha pombe ya ndizi, nikaapa kwamba niliona kwa macho yangu Feza akikusukuma. Dada, sikuona kitu. Siku ile nilikuwa Ruziba, natafuta samaki.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mdogo wetu Tereza alikuja kutoka Uvira. Nikamkumbatia kwa mikono hii unayoijua, iliyomrudisha kiboko ziwani. Nikasikia ka! Ubavu wake.

Hospitalini munganga, kijana wa hapa hapa aliyesomea kwa Wazungu, alitazama mikono yangu, kisha akamwuliza Tereza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu anakupigaka?" Mimi! Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la mama. Kadiri nilivyoapa, ndivyo alivyozidi kuandika. Sikujua niangalie wapi, chini au usoni kwake.

Wakampiga picha ya mifupa. Munganga akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mi niliona moshi tu, nikashuku mashine yao imechoka. Akasema mifupa ya Tereza imepungua kwa ndani, mtu wa hivyo hahitaji kupigwa ili avunjike, hata kukohoa kunaweza kutosha. Akampima ukutani: amekuwa mfupi kuliko urefu ulioandikwa kwenye kitambulisho chake cha zamani. Nikaishuku rula, nikasimama nipimwe na mimi. Rula ilikuwa sawa, ila iliniibia vidole viwili.

Akauliza mengi. Damu ya mwezi ilikoma lini? Ameanguka mara ngapi mwaka huu? Halafu: "Kwenu kuna mwingine alivunjika kwa kuanguka kidogo tu?"

Tereza akanitazama. Nikisema ulisukumwa, munganga hatakuhesabu kati ya waliovunjika bure, na mdogo wetu atarudi kubeba ndoo kichwani kama kawaida. Nikisema ulianguka mwenyewe, basi Feza nilimfanya nini?

Nikasema, "Dada yetu mukubwa. Alikuwa anainuka kwenye kigoda. Hakuna mutu alimugusa."

Akaandika, akapiga mstari chini yake. "Basi huyu yuko kwenye hatari kubwa," akasema. "Mufupa wa pili unaweza kuwa paja. Tumulinde sasa."

Tereza habebi tena mzigo. Nimeng'oa mawe yote ya njia ya choo, peke yangu, mengine makubwa kama ng'ombe. Anakunywa maziwa, anatafuna ndagala, wale samaki wadogo, pamoja na mifupa yao. Munganga bado namshuku, ni kijana mno. Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Tulipotoka, Tereza aliniuliza, "Kaka, kumbe ulijua?" Nakujibu wewe: ulikuwa umeniambia mwenyewe, nikakataa kusikia. Nilitaka kifo chako kiwe na mtu wa kumshika shati.

Jumapili baada ya misa nakwenda Kamenge pamoja na ndugu wale wale. Mbele ya wazazi wa Feza nitasema nilidanganya. Huenda atadhani nina hila nyingine. Ana haki. Akinifungia mlango, nitarudi Jumapili inayofuata, na ile ya baada yake.

Lala salama, Dada. Nakuahidi habari hii nitaisimulia jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza hata neno.

Mdogo wako,
Gaspari