Sikukucheka, Papa Ornella

Papa Ornella,

Ndagala ziko kwenye sufuria. Bukari utasonga mwenyewe, unga uko kwenye ndoo nyeupe.

Asubuhi, wakati wa maombi, ulisema nakucheka, ukaenda kazini bila kuniaga. Sikucheka. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala: mudomo unavutwa upande, jicho halifungi. Chai ilipomwagika kwenye kidevu, njo nikaelewa. Muuguzi jirani, Mama Adrienne, amenipima: tension ya damu imepanda sana. Anasema ni mara chache, lakini inaweza kupindisha uso hivi. Ananipeleka hospitali na pikipiki yake.

Ornella usimupigie simu, atalia bure huko Kabimba.

~~Usije.~~ Ukija, leta kikwembe changu cha bluu, nijifunge. Na uniangalie uso vizuri kabla ya kukasirika.

Mama Ornella