Mzee Albano Hajaitikia

Temeke, Jumanne.

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Abdulhadi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta mzima, na goti halikusumbui sana na kipupwe hiki. Mama na mdogo wangu Wafa hawajambo? Mie huku ni mzima, Alhamdulillahi, ila kuwakumbuka tu. Nimetumia karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na Mama Hope, mteja wako wa siku zote, amekubali kukuletea mpaka dukani Mbagala. Nakuomba usome hadi mwisho, hata kama ni kwa kununa.

Huyo huyo Mama Hope kaniambia habari nikabisha. Ati unasikiliza simulizi ya Saa Mbovu, ile inayotumwa kwa sauti kwenye magrupu ya simu! Baba yangu, aliyesema hadithi ni uongo uliovishwa kanzu! Kaapa kwamba sehemu mpya ikiingia unaongeza sauti, na mwenye kutaka sukari asubiri. Kumbe na wewe umo! Na akaniambia vile ulivyomgombeza Mzee Albano, yule fundi saa ambaye binti yake alimwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia akainama kufuta kioo cha saa. Ulisema mzee gani huyo mwenye roho ngumu, marahaba ni neno moja tu, linamgharimu nini? Nilicheka, kisha nikakaa chini.

Mwenye simulizi hiyo ni Bwana Gozbert, Mhaya mmoja mpole, jirani yangu hapa Temeke. Anarekodi chumbani kwake, godoro kaliegemeza mlangoni ili honi za bodaboda zisiingie. Sie wapenzi wa Saa Mbovu tulimvamia kwake kama tumealikwa arusi, tukitaka tu kumwona mtu anayetutoa machozi kila wiki. Wengine walipiga picha hadi na lile godoro. Yeye akasema kama mapenzi yenyewe ni haya, basi tushike kalamu atufundishe.

Baba, sijui nikueleze vipi. Alisema usiandike kwamba mtu amekasirika, ipe mikono yake kazi, na hasira itaonekana yenyewe. Anayeingia kwenye hadithi aingie anataka kitu, hata kama ni maji ya kunywa. Maneno ya watu uyasome kwa sauti, ulimi ukikwama ujue hakuna binadamu anayesema hivyo. Halafu akasema ukitaka kumjua mtu, tazama anamwamkia nani, na ni nani akimwamkia haitikii. Nikafungua daftari papo hapo.

Nikaandika mzee na binti yake. Bwana Gozbert akasoma, akaguna, akasema mzee wangu ni mbaya mno, mtu hawi hivyo. Nirudi nikaandike tena nikiwa nimekaa upande wa mzee. Nilinuna, unanijua. Lakini nikakaa huko. Allahu Akbar, baba! Nilimkuta mzee ameshikwa na hofu. Kazi ya ofisini alimwombea binti kwa kujishusha kwa watu, na sasa binti kaiacha, kesho atakula nini? Hasira yote ile kumbe ilikuwa woga. Nililia mpaka wino ukasambaa karatasini.

Baba, Mzee Albano nimemwandika mie, na Bwana Gozbert akamtia ndani ya Saa Mbovu. Nilimbadilishia jina, dini na kazi tu. Siku nilipokuja kukwambia nimeacha ile kazi ya ofisini, ya kutoa mizigo ya bandarini kule Kurasini, ili niandike hadithi, nilitoa salamu ukaitikia, maana kuitikia salamu ni wajibu. Nikasema shikamoo. Ukachukua kitambaa ukafuta mizani. Mizani ilikuwa safi, baba.

Na sasa hebu ona maajabu. Nimepita kijiwe cha bodaboda Rangi Tatu, vijana wale na kelele zao wote kimya, wameinamia simu moja, wanamsikiliza mzee wangu. Saluni kuna mama kauliza kibanda cha Mzee Albano kiko mtaa gani, aende akamsuluhishe na mwanawe! Mtu niliyemtoa kichwani! Mpaka leo nashangaa, naogopa hata kusema kwa sauti kwamba ni kazi yangu.

Imebaki sehemu ya mwisho, na Bwana Gozbert anaisubiri. Grupu limegawanyika, wengine wanasema mzee ataitikia, wengine wanasema hatafumbua mdomo mpaka azikwe. Kuandika marahaba ni rahisi. Ila mwalimu katukataza kumtia mhusika mdomoni neno ambalo mwenyewe hajalitaka, kwa hiyo nimeandika shikamoo ya binti nikaishia hapo.

Ijumaa baada ya swala nitakuja dukani. Nitasimama upande wa wateja, na nikikuta umeshika kitambaa nitajua.

Mpe mama salamu zangu, umwambie chapati zake hazina mfano huku. Wafa naye mpe salamu, na Mama Hope umshukuru, ila usimwambie Albano ni nani, atautangazia mtaa mzima. Mola akuweke, akupunguzie na maumivu ya goti.

Shikamoo, baba.

Ni mimi mwanao,
Maisa