Paa la Gari ya Babu

Zamda, nimejifungia chooni kwa Babu hapa Kariakoo, nalia.

Ile gari yake ya mwaka 1955, aliyomchukulia Bibi kanisani siku ya harusi yao, kaka Isidori ameirudisha leo kutoka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Wameikata paa! Eti iwe ya wazi, ya kutembelea Jumapili na kupigwa upepo. "Sapraizi, Babu!"

Babu si haoni vizuri. Akapapasa mlango, akapandisha mkono, mkono ukaelea hewani.

"Paa liko wapi?"

Akapapasa tena. "Isidori, paa liko wapi?"

Limeuzwa chuma chakavu, Zamda. Pamoja na kile kitambaa cha ndani alichokishona marehemu Bibi mwenyewe. Babu alitaka kukaa chini yake mara moja tu kabla hajamfuata.

Na mimi nilijua tangu wiki iliyopita. Niliona aibu kusema.

Kaka akapiga magoti, akampa jani la sale. Unajua sisi Wachaga, ukiombwa msamaha kwa sale hukatai. Babu akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Kauze na gari iliyobaki."