Huko Kwenu Mama ni Baba

Ndirangu,

Sijui mtu huanza aje kuandikia ndugu aliyemrushia mchanga kaburini. Wacha nianze na Tamari, jirani yako wa gorofa ya nane huko Tbilisi ulikosomea. Tangu ile homa ya mapafu ikuchukue, tukuzike hapa Chaka, yeye hutupigia simu ya video kila Jumapili tukitoka kanisani. Hajui Kiingereza, na sisi hatujui lugha yao. Anatembea tu na simu akituonyesha mtaa wenu: maghorofa ya wakati wa Wasovieti yamepangana kama kreti za soda, veranda kila mtu amejijengea vile anataka, gereji imegeuzwa kinyozi, vijana wa pikipiki wakipeleka watu chakula.

Halafu anauliza, "Mama?" Mama anajibu kwa nguvu, "Ni mimi! Mama Ndirangu!" Tamari anatikisa kichwa, anauliza tena. Ati Mama anasema, "Huyu naye hasikii vizuri."

Mimi nilijua. Si uliniambia ukicheka, "Nyambura, kwa lugha ya huku 'mama' ni baba. Ukipotea sokoni ulilie mama, utaletewa mzee wa ndevu." Lakini unanijua. Mbele ya watu sauti hukwama.

Na Baba hakuwa ametaja jina lako tangu mazishi. Simu ikilia, anaenda kwa ng'ombe. Nikianza kukuongelea anasema, "Funga mlango, kuna baridi." Jioni tukila, anayeongea ni redio tu.

Jumapili iliyopita Tamari aliuliza "Mama?" mpaka akalia. Nikachukua simu mkononi mwa Mama, nikaenda nayo zizini. Nikasema, "Baba, anakutaka wewe." Tamari akamwona, akashika kifua. Kisha akamwonyesha veranda yako, ile sukuma wiki uliyopanda kwa mkebe wa mafuta. Bado anaimwagilia. Imerefuka mpaka imegusa dirisha la juu.

Baba akaangalia sana. Akafoka, "Sasa hii ni sukuma ama ni mti? Ndirangu hakumwonyesha kuchuma?"

Ndirangu. Alisema hivyo, kwa mdomo wake. Halafu akaegemea ng'ombe, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikabaki hapo nimeshika simu. Sikukimbia.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi nitajifunza lugha yao, hata kama ni neno moja moja, na nitaongea kwa sauti. La kwanza la kumwambia Tamari, Baba ameshanichagulia: "chuma."

Nyambura